Mji na Ng'ambo: Jina la Mahali na Mpaka wa Majumba ya Mawe Unguja

Maelezo ya Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu huanza na majumba: Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, jumba la Tippu Tip huko Shangani, milango ya nakshi na baraza za mawe. Makala haya yanahusu neno moja lililobeba uhusiano wa majumba hayo na jirani zao, nalo ni Ng'ambo.

Kimaana, ng'ambo hutegemea aliposimama msemaji. Watu wawili waliotengwa na mto, kila mmoja yuko ng'ambo kwa mwenziwe, na neno hugeuka mmoja wao anapovuka. Unguja halikugeuka. Mkono wa bahari uliotenga rasi ya Shangani na sehemu nyingine ya kisiwa ulikuwa na kingo mbili, lakini ng'ambo ikawa moja tu: upande wa mashariki, wa nyumba za udongo na makuti, walikokaa mafundi, wachukuzi, watumwa walioachwa huru na wageni kutoka bara. Mkaazi wa huko mwenyewe husema "nakaa Ng'ambo", na akipita Darajani husema "nakwenda Mjini". Hujitaja, basi, kwa jicho la mtu aliyeketi barazani upande wa pili. Mkono huo wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20, ikapita barabara. Jina halikufukiwa pamoja nao.

Hata hivyo, majina ya mitaa hayaungi mkono dhana kwamba mgawanyiko huu ni wa tangu asili. Ng'ambo kuna Michenzani, Miembeni, Mwembetanga: majina ya miti. Lakini katikati ya majumba pia kuna Mkunazini, na kuna Sokomuhogo, jina lisilo na fahari yoyote ya kisultani. (Hurumzi, ambalo wengi hulihusisha na uhuru wa watumwa, ni afadhali liachwe kando, asili ya majina kama isimuliwavyo mitaani huwa tamu kuliko ushahidi wake.) Katika karne ya 19 jumba la mawe na kibanda cha makuti vilipakana hata upande wa rasi, na jumba lenyewe halikuweza kusimama bila boriti za mikoko zilizobebwa na watu wasiokaa ndani yake.

Kilichokaza mpaka ni umilikaji wa ardhi. Ng'ambo nyumba ilikuwa ya aliyejenga, kiwanja cha mwingine, mara nyingi tajiri wa Mjini. Mgomo wa kodi ya viwanja wa mwaka 1928 ulitokana na hali hiyo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalivusha watu: majumba mengi yalitaifishwa na kukaliwa na familia nyingi pamoja, huku Ng'ambo ikijengwa maghorofa marefu ya Michenzani. Majina yalibaki yalipokuwa, ila Mjini pakaongezewa sifa. Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Sifa hiyo ya ukongwe ina gharama yake. Ng'ambo nayo ina mitaa ya tangu karne ya 19, lakini uzee umekwishatolewa, kwa jina, kwa upande mmoja. Na kisichoitwa kikongwe ni rahisi kubomolewa. Wala jina halitoshi kulinda: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Katika miaka ya 2010 uliandaliwa mpango wa kuendeleza eneo hilo la mashariki, ukaitwa "Ng'ambo Tuitakayo". Umbo la kitenzi hicho lafaa kuzingatiwa. Kama ng'ambo ingalichukuliwa kuwa mahali pa kuelekezewa kidole tu, upatanisho wa ngeli ya mahali ungalizaa "tupatakapo". Kiambishi -i- kinaiweka katika ngeli ya I-ZI, kitu chenye wenyewe, na tu- kinamweka msemaji ndani yake.