Kufundisha Hifadhi ya Udongo kwenye Kiwanja cha Ujenzi

Katika ziara za mazoezi ya kufundisha tumemwona mara nyingi mwalimu-mwanafunzi akiandika ubaoni: "Ni marufuku kujenga karibu na mto." Watoto hunakili, kengele hulia, nao hurudi nyumbani wakipita kando ya lundo la kifusi linalosombwa na mvua bila hata kulitazama.

Kwa somo hili katika Darasa la Tano tunapendekeza mwalimu aanze na maji, kisha ndipo aje kwenye sheria. Zana ni chache: masanduku mawili ya mbao yaliyo wazi upande mmoja, moja lenye udongo mtupu, la pili lenye udongo pamoja na nyasi zake, kopo lililotobolewa matundu, na chupa mbili zinazoonyesha ndani. Masanduku yainamishwe kwa kiasi kimoja, yamwagiwe maji sawasawa, na maji yatokayo yakingwe chupani. Tope likishatuama, watoto wapime kwa rula unene wake katika kila chupa. Hapo waulizwe: achimbaye msingi wa duka huondoa nini kwanza?

Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Msingi ukichimbwa Desemba na kifusi kikarundikwa upande wa chini wa mteremko, udongo huo utajaza mtaro kabla tofali la kwanza halijawekwa. Maji ya upande wa mashariki wa uwanda huteremkia bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Tope likifika huko halina pa kwenda.

Mwalimu asisahau maarifa ya wazee. Katika kilimo cha ntumba, Wafipa hufukia nyasi ndani ya vichuguu vya udongo, zikaoza zikawa mbolea. Mwalike mzee mmoja awaeleze watoto kwa nini nyasi zifukiwe badala ya kuchomwa, na maji hupitaje kati ya vichuguu. Kiwanja cha duka si shamba, lakini swali ni lile lile: ni kitu gani kinachopunguza mwendo wa maji? Watoto wenyewe watataja mstari wa mawe, ukanda wa nyasi usiong'olewa, mfereji wa kukinga maji ya juu.

Sasa sheria inaweza kusomwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tumieni kamba ya mita 10, ipimwe mara sita kutoka kijito kilicho karibu. Wengi hushangaa mahali inapoishia. Mwalimu aongeze kwamba kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri kabla ya kazi kuanza. Amri isiyoelezwa huzaa ukaidi: huko Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 zikazuka ghasia.

Jambo moja lilitufunza sisi wakufunzi. Darasa lilipelekwa kwenye kiwanja cha duka, na mwalimu-mwanafunzi akauliza kwa sauti, "Ni nani aliyeharibu hapa?" Wenzake wote wakamgeukia mtoto mmoja, baba yake ndiye mwenye kiwanja. Kesho yake hakuja shuleni. Andalio la somo lile tulikuwa tumelipitisha sisi wenyewe, tukisahihisha shabaha na zana tu. Swali lilipasa kuwa "Maji yanapita wapi?" Tangu siku hiyo tunadai andalio lionyeshe kwamba mwenye kiwanja ameombwa ruhusa, kwamba watoto watasimama mbali na kingo za msingi zilizolowa, na kama mwanawe yumo darasani.