Kuiweka Nyumba Tayari Kabla ya Maji Kuja

Katika somo hili twataka kufikiri juu ya jambo liipasalo kila nyumba ya bondeni kwetu, yaani namna ya kujiandaa kabla ya siku ya taabu. Taabu ziko nyingi, kama moto na maradhi ya ghafula. Lakini hapa Ifakara, na katika bonde lote la Kilombero, iliyo kubwa ni mafuriko. Nyumba iliyojiandaa kwa mafuriko imekwisha kujiandaa kwa mengi.

Watu wa mbali wakisikia habari zetu huuliza, Mbona hawahami? Hawajui ya kuwa maji yale yale yaletayo hasara ndiyo yaletayo mpunga na samaki. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Basi shauri letu si kuyakimbia maji siku zote, bali kukaa nayo kwa akili.

1. Maji hutoka wapi?

Yatupasa kujua kwamba maji yetu ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mto Kilombero wenyewe, upokeao maji ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi, kisha huyapeleka Rufiji. Mto huu hupanda polepole, siku baada ya siku, na maji yakisha kutanda hukaa muda mrefu. Ya pili ni ya mito mifupi ishukayo kutoka milima ya Udzungwa, kama Lumemo upitao karibu na mji wa Ifakara. Hii haina subira. Mvua yaweza kunyesha milimani usiku kucha, na huku mjini nyota zaonekana; asubuhi watu wakaamka na maji mlangoni.

Kwa hiyo mtu angojaye mvua ya juu ya paa lake angoja ishara isiyo yake. Atazame milima. Atazame na mto: ukigeuka rangi ya udongo, ukichukua magogo na majani, na kupanda upesi, asingoje ishara nyingine. Tena asikilize redio, kwa maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo kabla ya mvua kubwa. Katika masika ya mwaka 2024 bonde letu lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa, pamoja na Rufiji. Na Waziri Mkuu alitangaza mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua hizo.

2. Shauri likatwe lini?

Hili ndilo kiini cha somo. Mara nyingi habari huja kwa wakati, lakini mashauri huanza miguu ikiwa imekwisha kulowa. Baba ataka kuokoa mpunga kwanza; mama ataka kuondoa watoto; bibi akataa kuiacha nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Kila mmoja ana sababu, na maji hayangoji sababu.

Basi shauri likatwe wakati wa kiangazi, nyumba yote ikiwa imeketi pamoja. Pigeni kigingi mahali panapoonekana, kati ya nyumba na upande yatokako maji, mkakubaliane hivi: maji yakigusa kigingi hiki, twaondoka. Kwa usiku, mmoja awekwe kuamka na kukitazama. Mwafikiane pia mtakwenda wapi, kwa njia ipi isiyokatiza kijito, na nani atamshika nani: nani ambeba mtoto mchanga, nani amwongoza babu asiyeona.

Liko neno moja zaidi, nalo ni zito. Wakati wa mpunga watu wengi hukaa shambani, wakilala katika madungu ili kuwafukuza ndege na wanyama. Mara nyingi mwenye nyumba yuko mbali siku maji yajapo. Mama akisema, Siwezi kuondoka mpaka mume wangu aniruhusu, watoto wamo hatarini. Kwa hiyo kila mume na atoe ruhusa hiyo mapema, mbele ya watoto, aseme wazi: maji yakifika kigingini, ondokeni, wala sitauliza mpunga umekuwaje. Mpunga hulimwa tena mwaka ujao. Mume afanyaye hivi hapunguzi heshima yake, bali ailinda nyumba yake hata asipokuwapo.

3. Vitu gani viwekwe tayari?

Mbegu na chakula viwekwe juu ya dari au juu ya uchaga mrefu, si chini sakafuni. Yusufu kule Misri aliweka akiba wakati wa shibe, si wakati wa njaa.

Hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na kila mtu wa nyumba ajue ulipo. Pamoja navyo ziwekwe dawa za mgonjwa anywaye dawa kila siku, kibiriti kikavu, tochi, kisu, chandarua, nguo za watoto, fedha kidogo, na ndoo yenye kifuniko. Mzigo huu uwe mwepesi, mtu mmoja aweze kuuchukua. Nyumba yenye umeme, swichi kubwa izimwe kabla maji hayajaingia. Yakiisha kuingia, asiiguse mtu aliyesimama majini.

Asivuke mtu maji yaendayo kasi kwa miguu, hata yakimfikia magotini tu. Huangusha mtu mzima. Tena mtoni mna mamba na viboko. Mwezi Januari 2016 hata kivuko cha Kilombero kilizama kwa dhoruba. Tangu mwaka 2018 tunalo Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384. Lakini daraja halimfai mtu asiyeweza kulifikia. Akwamaye aite msaada kwa simu namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, au 112.

4. Maji yakipungua

Hatari haiondoki pamoja na maji. Kuta za udongo na za matofali mabichi huloa chini, nazo huweza kuanguka siku za baadaye, jua likiwaka. Basi asilale mtu ndani kabla hazijakaguliwa. Nyoka hujificha katika vyombo na kuni. Vyoo hufurika, na uchafu wake huingia visimani. Ndiyo maana kuhara na kipindupindu hufuata mafuriko. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Mtoto aharaye apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye apelekwe kwa mganga hospitalini bila kukawia.

5. Jirani yetu

Nyumba moja haiwezi peke yake. Wainjilisti na wazee wa mtaa, andikeni kabla ya masika majina ya wajane, vilema, wagonjwa na wazee wakaao peke yao, na kando ya kila jina andikeni jina la kijana atakayekwenda kumchukua. Orodha hiyo isikae kabatini tu. Vijana wenyewe waijue, na mwenyekiti wa kijiji apewe nakala.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa

1. Katika mtaa wetu, maji huingia kwanza wapi, na mahali pa juu ni wapi?
2. Kigingi cha nyumba yako kitapigwa wapi?
3. Mume akiwa shambani, nani ana ruhusa ya kuondoa watoto? Je, ameambiwa?
4. Jina la nani halijaandikwa katika orodha ya mtaa?

Mwenye kusoma somo hili na alisome tena nyumbani kwa sauti, wakubwa na wadogo wakisikia. Kisha atoke nje, akapige kigingi chake.