Hoja ya Nikea haitusaidii

Katika mihadhara ya mlingano wa dini kuna hoja inayopendwa mno: kwamba Injili nne zilichaguliwa kwa kura katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325, mbele ya mfalme Konstantino. Hapa Arusha nimeisikia Ngarenaro, nimeisikia Kilombero, na kila ikitajwa takbir hupigwa.

Hoja hiyo haina ushahidi. Kilichowakutanisha maaskofu Nikea ni mafundisho ya Arius kuhusu Yesu, pamoja na tarehe ya Pasaka. Katika kanuni zao zilizotufikia hamna orodha ya vitabu. Tena Irenaeus, askofu wa Lyon, alikwishaandika mnamo mwaka 180 kwamba Injili ni nne tu, zaidi ya karne moja kabla ya mtaguso huo.

Kwa nini niyaseme haya katika gazeti letu? Kwa sababu wenzetu wanayajua. Pale Makumira, chini ya Mlima Meru, Walutheri wanafundisha wachungaji tangu miaka ya 1950, na Agano Jipya wanalisoma kwa Kigiriki. Nilimshuhudia mhubiri wetu mmoja akiitaja Nikea, na mchungaji akamwomba kwa upole ataje waraka unaosema hivyo. Kimya. Vijana waliokuja kusikiliza wakatawanyika wakidhani Waislamu hatuna la kusema. Hilo liliniuma sana.

Na la kusema tunalo! Marko 16, aya ya 9 hadi 20, zinazosimulia Yesu kuwatokea wanafunzi na kupaa, hazimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, nakala mbili kongwe za karne ya 4. Kisa cha mwanamke mzinifu katika Yohana 8 nacho hakimo. Ama maneno ya 1 Yohana 5 kuhusu Baba, Neno na Roho kushuhudia mbinguni, Erasmus hakuyaweka katika chapa zake za Kigiriki za 1516 na 1519, aliyaingiza 1522. Fungua Biblia ya Habari Njema, utakuta mashahidi ni Roho, maji na damu basi. Wanaoyakiri haya ni wanazuoni wa Kikristo wenyewe.

Lakini Allah (s.w.) ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaochukiana nao (5:8). Nakala hizo hizo zinaonesha kuwa tofauti nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Huko Manchester kuna kipande kidogo cha mafunjo, chenye maneno machache ya Yohana 18, ambacho wataalamu wengi hukiweka karne ya 2, na maneno yake karibu yote ndiyo yanayosomwa leo. Anayedai kitabu kizima kiliandikwa upya na Warumi atajibiwa kwa kipande hicho.

Kwa maoni yangu swali zito liko nyuma ya nakala hizo. Marko hajitaji jina ndani ya Injili yake, wala Mathayo. Luka, katika aya zake nne za mwanzo, anasema amepokea kutoka kwa walioshuhudia kwa macho, ila hamtaji hata mmoja. Mwanafunzi wa hadithi angeuliza mara moja: isnadi iko wapi? Huyu kapokea kwa nani, na huyo naye alikutana na nani? Mpokezi asiyejulikana kwetu ni majhuli, hata akiwa mcha Mungu. Hapo mchungaji hawezi kudai waraka, maana waraka wenyewe ni Luka 1:1-4, na anao mkononi.