SOMO LA SHIMI: KWA NINI HELISI INAYOLINDWA INACHAFUKA?

Wanafunzi wenzangu, hasa ninyi wa mwaka wa sita,

Katika interogasyo iliyopita tuliulizwa: kipande cha zinki kinachofungwa karibu na helisi ya mashua kina kazi gani? Wengi tulijibu: kinazuia metali isiliwe na maji, tena kinazuia majani na wanyama wa bahari wasishike pale. Mimi kapita wenu niliandika vile vile, nikakatwa pointi. Nusu ya jibu ni kweli, nusu si kweli. Tuone sababu.

1. Habari ya zamani
Waingereza walifunika merikebu zao za mbao kwa mabati ya shaba. Shaba inayeyuka polepole katika maji ya chumvi, nayo ni sumu kwa wanyama wadogo wenye magamba. Hawawezi kukaa juu yake. Lakini mabati yalikuwa yanakwisha upesi. Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy akajaribu kufunga vipande vya zinki na vya chuma juu ya shaba. Kwa zinki inakuwa hivi:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Ni kusema, zinki inaliwa fasi ya shaba. Shaba ikapona kweli. Lakini merikebu zikajaa majani na magamba, zikaenda polepole, na miaka michache baadaye vile vipande vikaondolewa. Mnaona? Shaba isiyoyeyuka haitoi sumu.

2. Helisi
Helisi nyingi za merikebu ni za bronzi, metali yenye shaba nyingi. Ukiilinda na zinki haiharibiki, lakini magamba yanashika. Basi inasukuma vibaya na mota inakunywa mazutu zaidi. Rangi ya kawaida haikawii juu yake, kwani helisi inazunguka kwa nguvu na maji yanaibandua.

Kwa hiyo siku hizi wamoja wanapaka silikoni. Wanasugua metali mpaka ing'ae, wanapaka rangi ya kushikisha, halafu silikoni juu. Hii haiui kitu, inateleza tu. Magamba yanashika kidogo, na merikebu ikienda mbio yanaanguka. Ubaya wake: ni laini, kamba inaweza kuikwaruza.

3. Na sisi wa ziwani?
Tanganyika haina chumvi ya bahari wala wale wanyama wanaoganda juu ya merikebu, ila utando wa kijani upo. Helisi za mota zetu ndogo mara nyingi ni za alumini. Tusizipake rangi yenye shaba! Hapo alumini ndiyo itakayoliwa, kama zinki ya Davy. Brashi na mkono vinatosha.

Maulizo
a) Kati ya shaba na zinki, ni ipi inayotoa elektroni? Kwa nini?
b) Kwa nini silikoni haisaidii sana merikebu inayokaa bandarini miezi mingi?

Leteni majibu kwa etidi ya jioni, tusahihishe pamoja. Mara hii tusipoteze pointi.

Kapita wa wanafunzi