Somo la Makatibu: Hundi Kabla ya Kukusanywa

Ndugu Katibu, chama kikiuza mazao Kariakoo kwa hundi, benki yaweza kuiingiza katika hesabu ya chama kabla haijapokea fedha kutoka benki ya mnunuzi. Ukizitoa ukawalipa wanachama, kisha hundi ikarudi, benki itazikata kwenu. Na mnunuzi huenda haonekani tena sokoni.

Hata benki imepata kuumia. Katika kesi ya Gordon, karani aliiba hundi za mwajiri wake na kughushi sahihi. Mwaka 1903 mahakama ya mwisho ya Uingereza iliamua kuwa benki iliyoziingiza mapema ilijipokelea fedha yenyewe, hivyo ikakosa kinga na kumlipa mwajiri. Sheria ya 1906 iliirudisha kinga hiyo.

Kabla ya kulipa, iulizeni benki kwa barua: fedha zimekwisha kukusanywa?