Kukaza Nati za Bomba la Salfa

Ndugu mkulima wa Kilwa,

Mikorosho inapoanza kuchanua, yapata Juni au Julai, ndipo ubwiri unga unapoingia. Ugonjwa huu uliripotiwa kwanza katika nchi yetu mwaka 1979, na dawa yake iliyozoeleka ni unga wa salfa, gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14. Bomba likiharibika ukakosa zamu moja, maua hayakungoji. Nami nimekuta mabomba mengi yamelala nyumbani, si kwa kufa injini, bali kwa nati moja tu.

Bomba la injini hutetemeka, na mtetemeko hulegeza nati. Tena hewa ya Masoko ina chumvi, na salfa ikipata unyevu hula chuma. Basi katika bomba lilelile utakuta nati moja imelegea na jirani yake imeshikwa na kutu.

Wengi hukimbilia koleo. Koleo hula pembe za nati mpaka ikawa duara, na hapo hata spana halisi haishiki. Ile spana ya kupanua, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa hapa, nayo huteleza. Nunua spana ringi mbili: bolti ya milimita 6 kwa kawaida huchukua spana namba 10, na ya milimita 8 huchukua namba 13. Ivishe kwenye nati. Ikicheza, si yake.

Anza kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu. Ikigoma, imeingia kombo. Ifungue uanze upya, maana mwili wa injini ni aluminiamu, na nyuzi zake zikikatika hazirudi. Penye nati nne, kaza moja kisha inayoikabili kwa mshazari, kidogo kidogo. Usichomeke kipande cha paipu kwenye mpini ili kuongeza nguvu: utakata bolti. Yenye kutu itilie mafuta ya taa, uiache usiku kucha.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha, shika kwanza kiungo cha mpira wa petroli na nati za ekzosi. Petroli ikivuja juu ya ekzosi ya moto hulipuka, na salfa nayo huwaka; moto huo umeubeba mgongoni. Ukisikia harufu ya petroli, zima, tua bomba chini, ungoje injini ipoe. Kaza, futa palipolowa, ndipo uwashe.