Bunduki ya upepo na darubini ya bei ya chini: juu ya nini haipigi fasi unayolenga?



Mara hii tunaacha kidogo habari ya mbolea na mbegu. Mvua inakaribia, kuanzia Novemba wengi wetu hapa Likasi, Kambove na kandokando ya Lufira watakuwa wanapanda mahindi, na kila mwaka kipindi hiki malalamiko ni yaleyale: njiwa, kwale na kanga wanachimbua mbegu kabla haijatoa hata jani la pili. Kisha, mavuno yakiisha kuingia depo, panya wanaanza zamu yao. Miaka hii ya nyuma wanamemba wamekuwa wakileta swali lingine. Wamechanga makuta, wamenunua bunduki ya upepo, ile inayosukuma kipande kidogo cha risasi kwa hewa bila baruti, na juu yake imefungwa darubini (wengine wanaiita lineti). Wanasema: tunalenga sawasawa, msalaba uko juu ya njiwa, tunafyatua, njiwa anaruka mzima. Leo mkono wa kushoto, kesho chini. Bunduki ni mbovu ao sisi ndio hatujui?

Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye darubini, na karibu kila mara pesa ya kikundi ndiyo inayoumia. Kwa hiyo somo hili ni kwa wale ambao tayari wanayo, na zaidi kwa wale ambao wanataka kutoa makuta ya koperativi kwa kuinunua.

Kwanza sheria, tuipite haraka lakini tusiiruke. Nchi yetu iko na sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, namba 82-002. Muuzaji akikuambia "hii ni ya upepo, haiko silaha", usichukue neno lake kuwa karatasi. Uliza kwenye biro ya komini ao ya teritware yako mbele ya kununua, na uliza pia juu ya ndege na wanyama wa pori wanaokusumbua. Kanga wa pori si kuku wa jirani, sheria inamhesabu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Bunduki nyingi za bei ya chini ni zile za kuvunja mtutu: unakunja mtutu chini, resori kubwa ndani inajikaza, unaweka risasi ndogo, unafunga. Ukivuta kifyatulio, resori inasukuma pistoni mbele kwa nguvu. Wakati ule bunduki inarudi nyuma kwenye bega. Lakini pistoni ikifika mwisho inagonga mto wa hewa, na bunduki inatupwa tena mbele. Hiyo yote inapita wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Bunduki ya baruti inapiga teke moja, la kurudi nyuma. Hii ya resori inapiga mateke mawili, moja nyuma na moja mbele, na lile la mbele ndilo linaua darubini.

Ndani ya darubini kuna vioo kadhaa na waya ao mchoro wa msalaba. Darubini nyingi zimefungwa ili kuvumilia teke la nyuma tu. Hata darubini ya bei kali, ile ya bunduki kubwa ya wawindaji, inaweza kuvunjika ndani ikiwekwa juu ya bunduki ya resori, kama haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ya bei ya chini je? Kioo kinalegea nusu milimita, macho yako hayaoni kitu, picha inaonekana safi, lakini msalaba hauko tena fasi ulipouacha. Ndiyo maana mlimaji anasema "jana ilipiga vizuri".

Ukipewa darubini pamoja na bunduki ndani ya karton moja, mara nyingi itakuwa ya 4x20. Namba ya kwanza inasema inakuza mara 4. Ya pili inasema upana wa kioo cha mbele ni milimita 20. Mrija wake ni mwembamba, karibu milimita 19. Gawanya 20 kwa 4 unapata 5: huo ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ya 4x32 inatoa 8, na mrija wake ni wa milimita 25, unashika vizuri zaidi ndani ya pete. Saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati kwale wanashuka shambani, tofauti hiyo unaiona bila kuelezwa. Lakini ile namba ya kwanza isikudanganye. Watu wanapenda kununua 9 ao 12, wakifikiri kukuza ni kulenga. Kukuza kunakuza pia kutetemeka kwa mkono, na kwa mita 20 hauhitaji zaidi ya 4.

Kitu kingine ambacho kinasumbua na hakionekani: kuteleza kwa msalaba. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, usiiguse, angalia ndani ya darubini, kisha sogeza kichwa chako kidogo kushoto na kuume. Ukiona msalaba unatembea juu ya shabaha na bunduki imetulia, darubini hiyo imepimwa kwa umbali mwingine. Za bunduki kubwa kwa kawaida zimepimwa kwa mita 90 na zaidi kidogo. Sisi tunapiga kwa mita 15 ao 20. Hapo jicho likikaa upande tu, risasi inakwenda upande, na hakuna visi ya kukaza ambayo itaponyesha hiyo. Darubini za bunduki ya upepo zinapimwa karibu, kama mita 30, ao ziko na pete ya kurekebisha mbele. Wale waliosoma upimaji wa mashamba watakumbuka ni ugonjwa uleule wa kile chombo cha kupimia mteremko tunapochora mistari ya kuzuia mmomonyoko: msalaba ukicheza, mtaro wote unakwenda kombo.

Basi, kabla ya kusema bunduki ni mbovu, fanya jaribio. Chagua siku isiyo na upepo. Tafuta fasi yenye kilima cha udongo nyuma, kama kichuguu kikubwa, ambako hakuna njia ya watu wala watoto. Pima mita 20, weka karatasi yenye alama. Chukua aina moja ya risasi, kutoka kikopo kimoja. Kuchanganya vikopo ni kama kuchanganya mbegu tatu ndani ya mstari mmoja, hautajua ni ipi imeota. Na namba ifanane na mtutu: 4,5 ni 4,5, na 5,5 ni 5,5.

Toa darubini. Ndiyo, itoe. Piga risasi 5 kwa kutumia vyuma vya kulengea vya bunduki yenyewe. Usiishike kwa nguvu: iweke juu ya kiganja kilichofunguka, iache iruke inavyotaka kuruka. Bunduki ya resori ikibanwa sana, ao ikilazwa moja kwa moja juu ya jiwe ao ubao, inapiga pengine kila mara. Kama matundu 5 yamekusanyika karibu-karibu, hata kama hayako katikati, mtutu wako ni mzima. Kama yametawanyika kama mahindi ya kumwagika, geukia risasi, visi za kitako, na ile raba ndogo ya kuzuia hewa pale mtutu unapofungika. Kama inatoa moshi na kelele kali, mtu ameweka mafuta mengi ndani na yanawaka. Bunduki hiyo haitatulia mpaka yaishe. Darubini haina kosa hapo.

Matundu yakiwa yamekusanyika, rudisha darubini. Kaza visi za pete kidogo-kidogo, moja huku moja kule, jinsi unavyokaza magurudumu ya motokari, bila kuponda mrija. Kisha chukua kalamu ao rangi ya kucha ya mama nyumbani, chora mstari mdogo unaopita juu ya pete na juu ya reli ya bunduki. Baada ya risasi 20 angalia. Mstari ukiwa umekatika, darubini inatembea juu ya reli, kwa sababu ya yale mateke mawili. Pete nzuri ziko na visi ndogo ya kuingia ndani ya tundu la reli ili kuizuia. Pete za bure za ndani ya karton mara nyingi hazina.

Sasa vifungo viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu-chini, kimoja cha kushoto-kuume. Kwenye darubini nyingi kila tiki moja inasogeza risasi karibu milimita 1,5 kwa mita 20. Kwa hiyo kama unapiga sentimita 3 chini, unahitaji tiki 20 hivi. Watu wanazungusha tiki 3, wanaona hakuna mabadiliko, wanakasirika, wanazungusha mpaka mwisho.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Piga risasi 5. Zungusha tiki 20 juu, piga 5. Tiki 20 kuume, piga 5. Tiki 20 chini, piga 5. Tiki 20 kushoto, piga 5. Bila kubadilisha alama unayolenga. Makundi yanapaswa kuchora sanduku, na lile la tano liangukie juu ya lile la kwanza. Kama sanduku limekuwa mkia wa mbuzi, darubini hiyo haishiki kipimo. Ndani yake kuna resori ndogo dhaifu, na hauwezi kuitengeneza wewe, wala fundi wa redio wa soko ya Kikula.

Kuna hali moja ambayo inafanana na darubini mbovu lakini siyo. Kwa bunduki za kuvunja, mtutu mara nyingi unaangalia chini kidogo kuliko reli. Utazungusha kifungo cha juu mpaka mwisho, na bado unapiga chini. Tena kikiwa mwisho kabisa kinalegea na msalaba unaanza kutangatanga. Dawa ni ndogo: kata kipande chembamba cha kopo la soda, kilainishe ncha zake, kiweke chini ya darubini ndani ya pete ya nyuma. Ukiinua nyuma ya darubini, risasi inapanda. Rudisha vifungo katikati, anza upya.

Na umbali. Darubini inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu. Ukiwa umeipima kwa mita 20, kwa mita 5 risasi ya bunduki ya nguvu ya kawaida itapiga karibu sentimita 2 chini ya msalaba. Kichwa cha panya hakizidi hapo.

Lakini juu ya panya wa depo niseme wazi: ndani ya depo msipige. Risasi ndogo ikigonga tofali ao chuma inarudi, na jicho la mtoto halinunuliwi Lubumbashi wala Kasumbalesa. Risasi hizo pia ni za plombu, ambayo ni sumu. Ile inayokosa panya inaingia ndani ya mfuko, mfuko unakwenda mashine ya kusaga, na mashine haichagui. Unga huo ndio bukari ya jioni. Kwa sababu hiyohiyo msiweke risasi mdomoni wakati wa kulenga, ninawaona wengi wanafanya hivyo, na mnawe mikono kabla ya kula.

Tena hesabu ya panya haikubali bunduki. Panya wa mashamba yetu, yule wa matiti mengi, jike mmoja anaweza kuzaa zaidi ya 10 kwa mara moja. Unaua wawili kwa usiku, wanazaliwa ishirini. Depo iliyoinuliwa karibu mita 1 kutoka chini, kila mguu ukivishwa koni ya bati, majani yakikatwa kuzunguka pande zote, inafanya kazi usiku wote bila mtu kukesha. Na bundi anayekaa juu ya paa, mumwache. Ninajua yanayosemwa juu yake. Yeye anakula panya kila usiku, na hadai risasi.

Shambani, siku zile 10 ao 14 za kwanza baada ya kupanda, bunduki inaweza kusaidia kidogo, zaidi kwa kutisha. Watoto wakubwa na kopo la kugonga, kupanda siku moja na majirani ili ndege wajigawe, kufukia mbegu sentimita 5 badala ya 2: hivi ndivyo vinaokoa mistari mingi.

Kama kikundi kimeamua kununua hata hivyo, ulizeni kitu kimoja kabla ya bei: je, bunduki iko na vyuma vyake vya kulengea, mbele na nyuma? Siku hizi nyingine zinauzwa na darubini tu, juu ya mtutu hakuna kitu. Darubini ikifa, mmebaki na fimbo. Ile yenye vyuma vyake, hata bila darubini, kwa mita 15 inatosha kazi ya shamba. Makuta ya darubini yanunue vikopo viwili vya risasi nzuri za aina moja, na yanayobaki yaende kwenye bati la koni za depo. Na kabla pesa haijatoka mkononi, ombeni muuzaji awaruhusu kupiga risasi 5 juu ya karatasi. Akikataa, rudini na makuta yenu.